Mtoto wa Njano

Huku Bulyanhulu rangi ya njano ni neema. Watu wameifuata chini ya ardhi wakaacha majembe. Labda ndiyo maana sikushtuka mama mmoja wa usharika wetu aliponipigia simu, siku moja tu baada ya kujifungua: "Baba Mchungaji, mtoto amekuwa wa njano hadi machoni." Nikamwambia amuoteshe jua, nami ningekuja jioni kuomba.

Jioni nikakuta mtoto amelegea, hanyonyi. Mawifi walinong'ona kuwa damu ya mama imemkataa mtoto, na damu haikatai bila sababu. Nimehubiri mara nyingi juu ya yule kipofu wa Yohana 9, na wanafunzi waliouliza ni nani aliyetenda dhambi. Sasa nililisikia swali lile lile nyuma ya pazia. Niliomba, tena kwa kirefu. Mzee wetu wa kanisa, muuguzi mstaafu, alinigusa bega kabla sijafika amina. "Mchungaji, tafuta gari."

Mama alikuwa kundi O, mtoto A kama baba yake. Kinga ya damu ya mama ilikuwa imepita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Kinachobaki zikivunjika huitwa bilirubini, na ndiyo hiyo njano. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo na kuuharibu. Manjano yanayoanza ndani ya saa 24 za kwanza hayangojei jioni. Mimi niliyangojesha.

Wakamlaza chini ya taa ya bluu, macho yamefunikwa. Mwanga huo huigeuza bilirubini ili itoke kwa choo na mkojo. Tiba hii ilianzia kwa muuguzi wa Uingereza, Jean Ward, ambaye mwaka 1956 aliona ngozi ya mtoto aliyemtoa juani imepungua njano, isipokuwa palipofunikwa. Kwa hiyo jua langu halikuwa upuuzi mtupu, ila kwa mtoto yule halikutosha hata kidogo.

Siku ya tatu macho yalianza kuwa meupe. Mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, alikaa kando yangu kwenye benchi.

"Wa kwangu wa tatu alikuwa hivi hivi," akasema. "Walisema nimeleta mkosi. Kwa hiyo ilikuwa damu tu?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa naye mpaka muuguzi alipokuja kumwita amshike mjukuu.