Kalenda ya Wenye Mamlaka

Katiba ya Oregon, iliyoandikwa mwaka 1857, ililipangia Bunge la jimbo kikao kimoja cha kawaida katika kila miaka miwili. Kwa jamii ya wakulima utaratibu huo ulifaa: mtunga sheria alirudi upesi shambani kuishi chini ya sheria zile zile alizozipitisha.

Jimbo likakua, lakini kalenda haikukua nalo. Mapato yalipoporomoka kati ya vikao, mzigo wa maamuzi ulibaki kwa gavana na kwa kamati ndogo ya dharura. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na Bunge lililo likizoni haliachi pengo tupu, bali huwaachia wachache nafasi ya kuamua.

Tarehe 2 Novemba 2010 wapigakura waliulizwa, katika Pendekezo namba 71, kama Bunge likutane kila mwaka: siku zisizozidi 160 katika mwaka witiri, na 35 katika mwaka shufwa. Takribani theluthi mbili waliafiki.

Oregon hupiga kura kwa posta, na kijitabu cha maelezo hutangulia nyumbani. Mswahili wa Portland aliyekwisha kuapa uraia, akifungua ukurasa wa pendekezo la namna hiyo, haoni sura ya mgombea wala rangi ya chama. Huona hesabu ya siku. Ni rahisi kuuruka ukurasa huo, ilhali ndio unaoamua kama shule ya mwanawe ikipungukiwa fedha atakuwapo mbunge kikaoni wa kumsikiliza, au atangoje hadi mwaka ujao.

Hata hivyo, siku 35 ni chache, na uchache wake ni silaha. Mwaka 2020 wabunge wa Republican, wakiupinga muswada wa tabianchi, walisusia vikao. Kwa kuwa akidi ya Oregon ni theluthi mbili, Bunge lilikwama, na kikao kikafungwa baada ya kupitisha miswada mitatu tu.

Mwaka 2022 wananchi waliitwa tena, wakakubali kwamba mbunge atakayekosa vikao mara kumi au zaidi bila ruhusa asishike kiti katika muhula unaofuata. Mwaka 2010 walikuwa wamewapangia wabunge siku za kukutana. Miaka kumi na miwili baadaye iliwabidi kuwaamuru wafike.