Bia za Ubelgiji na data chafu

Februari 2025 nilikuwa Brussels kwa FOSDEM, ule mkutano wa watengenezaji wa programu huria unaofanyika kila mwaka katika chuo kikuu cha ULB. Ya mihadhara nitaandika siku nyingine. Leo ni bia.

Mimi ni mtu wa Tusker: asilimia 4.2, baridi, basi. Jioni ya kwanza nikaketi baa, nikafungua faili na kuandika jina la bia, kileo na alama juu ya 10. Orval (6.2) nikaipa 5. Saison Dupont (6.5), 6. Westmalle Tripel (9.5), 8. Rochefort 10, yenye asilimia 11.3, ikapata 10 na alama tatu za mshangao.

Asubuhi, kichwa kikigonga, nikaona hitilafu. Alama zilipanda kwa mpangilio ule ule niliokunywa. Kumbe nilikuwa napima ulevi wangu! Jioni iliyofuata nikarudia kinyume, nusu gilasi kila moja, na mkate na maji katikati. (Najua, kuanzia na 11.3 nako kuna kasoro zake.) Rochefort ikashuka hadi 7: tamu, nzito, kama zabibu kavu zilizochemshwa na sukari nguru. Orval ikapanda hadi 8. Hutiwa hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, kwa hiyo ni chungu, kavu, na inanukia ngozi ya kiatu kipya. Sikutegemea kuipenda.

Kabla ya kurudi nikaenda Cantillon, kiwanda kidogo cha familia huko Anderlecht kilichoanza mwaka 1900. Hapo hawatii hamira kabisa. Bia ikishachemka humwagwa kwenye sinia kubwa la shaba darini, ikapoa usiku kucha, na vijidudu vya hewani vikaingia vyenyewe. Ndiyo maana hupika miezi ya baridi tu. Joto likizidi huingia vijidudu vibaya. Kisha hulazwa kwenye mapipa ya mbao. Gueuze yao ni mchanganyiko wa bia ya mwaka mmoja, miwili na mitatu.

Nikaonja, nikaganda. Ule uchachu niliujua. Ni uchachu wa jikoni kwa nyanya yangu kule Magharibi, aliyepika busaa: unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa, ukachanganywa na kimea cha wimbi. Karo ya mama ilitoka kwenye kile chungu. Nami nikiwa bweni nilikuwa nikisema nyanya anauza mboga.

Gueuze ni nyepesi na inametameta, busaa ni nzito kama uji, sitasema ni kitu kimoja. Lakini pembeni yangu watalii walikuwa wakinusa gilasi zao kwa heshima kama wako kanisani. Sikuipa alama. Nikafunga faili, nikatoka nje, nikampigia nyanya.

Nikamweleza sinia, dari, mapipa.

"Miaka mitatu?" akauliza. "Wateja wanangoja?"

"Wanangoja, nyanya." Nikamtajia na bei ya chupa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akataka kujua kama askari wa huko huwa hawaji kuimwaga.