Kijiji cha chuma kinakokutana magwiji wa sataranji

MSOMAJI mpenzi, ukijikuta jijini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Januari, vaa koti zito, kisha upande gari la moshi hadi mji wa Beverwijk. Hapo utaabiri basi, na baada ya mwendo mfupi utateremka katika kijiji kiitwacho Wijk aan Zee.

Mbele yako itakuwa Bahari ya Kaskazini, yenye rangi ya kijivu na upepo unaochoma masikio. Ugeuzapo shingo, utaona dohani za kiwanda kikubwa cha chuma zikifuka moshi. Kati ya bahari na moshi huo ndipo wanapoishi wanakijiji wapatao elfu mbili na ushei.

Huenda ukajiuliza, mtu atafuata nini huko wakati wa baridi? Jibu ni moja: sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita siku hizi.

Kila Januari magwiji wa mchezo huo hukusanyika katika ukumbi wa kijiji, De Moriaan. Usidhani ni kasri. Ni ukumbi wa kawaida, wa aina ambayo wanakijiji hufanyia sherehe na mikutano yao. Kundi la juu huwa na wachezaji 14, na kila mmoja hukutana na wenzake wote, ndiyo maana mashindano huchukua raundi 13.

Wengi wao ni magranimasta. Hicho ndicho cheo cha juu kabisa kinachotolewa na shirikisho la dunia, FIDE, lililoundwa mjini Paris mwaka 1924. Mtu hakipati kwa kujuana. Lazima afikishe alama 2,500 na kung'ara katika mashindano yanayotambuliwa.

Lakini la ajabu zaidi ni hili. Katika ukumbi uo huo, hatua chache kutoka kwa bingwa wa dunia, utawakuta mamia ya wachezaji wa kawaida: walimu, wastaafu, makarani na watoto wa shule, kila mmoja ameinamia ubao wake. Aliyezoea kuwaona wazee wa Lamu wakicheza bao barazani ataielewa hali hiyo, ila hapa hakuna porojo. Kimya kimetanda utadhani kuna mtihani.

Mashindano haya hayakuanzishwa na matajiri wapenda anasa. Yalianza mwaka 1938 huko Beverwijk, yakiandaliwa na klabu ya sataranji ya kiwanda cha chuma cha Hoogovens. Mwaka 1968 yakahamia Wijk aan Zee. Kiwanda kimebadili wenyewe tangu wakati huo, na leo ni cha kampuni ya Kihindi, Tata Steel, ambayo jina lake ndilo linalobebwa na mashindano haya tangu 2011.

Hata chakula chake kina historia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vyakula vikiwa haba, wageni waliandaliwa supu ya njegere katika karamu ya mwisho. Shida ziliisha lakini supu ikabaki, na hadi leo bingwa na mshinde huinywa.

Ni katika kijiji hiki ambapo, Januari 20, 1999, Garry Kasparov wa Urusi alimtolea Veselin Topalov wa Bulgaria ngome yake kama sadaka. Topalov akaipokea. Kumbe ilikuwa chambo! Mfalme wake alikimbizwa kutoka nyumbani kwake, akavuka ubao wote hadi mstari wa nyuma kabisa wa adui, na hakuokoka. Wapenzi wa mchezo huu wangali wanausimulia mpambano huo.

Hapa pia ndipo kijana wa Norway, Magnus Carlsen, alipolishinda kundi la tatu mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 13 tu. Baadaye alitwaa taji la kundi la juu mara nane.

Na mwaka 2025 Wahindi wawili, wote wa mji wa Chennai, walifikia siku ya mwisho wakiwa sako kwa bako: Gukesh, bingwa wa dunia mwenye miaka 18, na Praggnanandhaa, mwenye 19. Wote wawili wakapoteza mchezo wa mwisho! Ikabidi wapambane kwa michezo ya haraka, na Praggnanandhaa akaibuka mshindi.

Hata hivyo, msomaji, si vyema nikupambie kijiji hiki kupita kiasi. Moshi ule uliouona ulipoteremka basi si pambo. Mwaka 2021 taasisi ya serikali ya Uholanzi inayoshughulikia afya ya umma ilitangaza kuwa vumbi katika vijiji vya eneo hilo lina madini ya risasi na kemikali nyingine kwa viwango visivyofaa kwa afya ya watoto wanaocheza nje.

Hapo ndipo penye kitendawili cha Wijk aan Zee. Kiwanda kimewapa watu wengi wa eneo hilo riziki, na kimewaletea wageni mashuhuri mlangoni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mkono wa kiwanda haujawahi kuwa mtupu. Lakini mzazi anayepangusa vumbi dirishani ana haki ya kuuliza bei ya ukarimu huo.

Mchezaji wa sataranji angemwelewa. Kila kete unayopewa bure, kabla ya kuichukua, jiulize kwanza utakuja kulipa nini. Topalov aliyajua hayo baada ya kuchelewa.