Macho Makavu na Ushuhuda wa Nusu

Dada msomaji, je, umewahi kutoa ushuhuda kanisani, kisha mambo yakageuka, ukaona haya kurudi mbele kusema kwamba bado unaumia? Mimi yalinipata. Leo nataka kuwasimulia akina mama wenzangu bila kuficha kitu.

Mimi ni muuguzi. Ninaishi Tingi, wilayani Kilwa, pale Njia Nne ambapo barabara ya Kipatimu inaachana na barabara kuu ya kwenda Lindi. Nilianza kuvaa miwani nikiwa kidato cha pili. Bila miwani sikuweza kumtambua mtu aliyesimama mlangoni. Na kazi yetu hii, katika joto la pwani, haipatani na miwani. Unamzalisha mama usiku, jasho linatiririka, miwani inateleza puani, nayo mikono ina glavu.

Mwaka 2019 dada yangu anayeishi Nairobi alinieleza habari za upasuaji wa macho kwa mionzi ya leza. Nilizungumza na mume wangu. Tulikuwa tumeweka fedha za kununulia bati za nyumba yetu. Tukazitoa, naye dada akajazia zilizopungua.

Upasuaji ulichukua dakika chache tu kwa kila jicho. Kesho yake asubuhi niliisoma saa ya ukutani nikiwa kitandani, nikalia kwa furaha. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi Tingi nilisimama mbele ya kanisa, nikainua juu miwani yangu ya zamani, nikasema siihitaji tena. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mchanga usioonekana

Haikuisha wiki ya pili macho yakaanza kuwasha na kuchoma, kana kwamba mtu amenimwagia mchanga. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kope ziling'ang'ania jicho, nikawa nafungua macho polepole kama mtu afunguaye jeraha. Kusi ilipovuma, na vumbi la barabara likipanda, sikuweza kutembea bila kuinamisha kichwa.

Ajabu ni kwamba macho hayo makavu yalitoa machozi. Jicho likikauka sana huchokozeka, nalo hujitetea kwa kumwaga maji mengi, lakini maji hayo hayakai wala hayalainishi. Basi nikiwa kwaya, feni ikinipulizia usoni, machozi yalinitiririka mashavuni. Mama mmoja alinishika mkono baada ya ibada akaniambia, "Mama mchungaji msaidizi na mimi tumeona leo Roho amekugusa." Nikatabasamu, nikanyamaza. Ningesemaje kwamba ni maumivu, wakati mwezi mmoja tu uliopita nilikuwa nimetoa ushuhuda?

Nyumbani nako nilinyamaza. Mvua iliponyesha na paa la makuti likavuja, niliweka ndoo sakafuni nikahesabu moyoni bati ambazo macho yangu yalizila. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, na upole wake ndio ulionifunga mdomo zaidi.

Niliporudi kupimwa, nilisoma herufi zote za chati hadi mstari wa chini. Niliambiwa macho ni mazima, nivumilie tu. Hakuna aliyepima machozi yangu, si siku ile wala kabla ya upasuaji. Baadaye nilijua kwamba kipimo chake ni rahisi: kikaratasi chembamba huwekwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, kisha hutazamwa kimelowa kiasi gani. Mtu ambaye macho yake ni makavu tangu mwanzo yumo katika hatari kubwa zaidi baada ya leza. Nami, nikikumbuka vizuri, kwa miaka mingi nilikuwa nikimeza vidonge vya mzio kila vumbi lilipozidi. Vidonge hivyo hukausha macho.

Bibi wa pale barazani

Mwaka uliofuata alikuja bibi mmoja wa kijiji cha jirani. Nilikuwa namfahamu. Miaka mingi alikuwa akija na neno lile lile: "Mwanangu, macho yananichoma, kama yana mchanga." Nami kila mara nilimpa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, nikaita mgonjwa anayefuata.

Siku hiyo aliposema neno "mchanga", nilisimama. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, njoo tukae hapa penye mwanga." Nikanawa mikono, nikaligeuza kope lake la juu. Kope la ndani lilikuwa na makovu, na nywele zake zilikuwa zimejipinda kuelekea ndani, zikikwaruza kioo cha jicho kila alipopepesa. Ni ugonjwa wa vikope, ambao umewatesa watu wa kusini kwetu kwa miaka mingi na ambao usipotibiwa huleta upofu. Mafuta peke yake yasingemsaidia. Alihitaji upasuaji mdogo wa kope. Nikamwandikia rufaa.

Alipoondoka nilijifungia chumba cha dawa nikalia, safari hii machozi ya kweli. Nilikuwa na kinyongo na walioniambia nivumilie kwa sababu herufi nilizisoma, kumbe mimi mwenyewe nilimfanyia bibi yule vivyo hivyo, na elimu ya kugeuza kope ninayo tangu chuoni.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi. Nilisema kwamba ushuhuda wangu ulikuwa nusu, na nusu ya pili ni hii: naona mbali, namshukuru Mungu, lakini macho yanauma kila siku. Nikawakumbusha Paulo na mwiba wake, alioombea mara tatu nao haukuondolewa. Hakuna aliyenicheka. Akina mama watatu walinifuata nje, kila mmoja akiwa na maumivu aliyokuwa ameyaficha.

Yaliyonisaidia

Dada msomaji, kwanza tuelewe. Machozi si maji matupu. Yana ute, maji na mafuta, na mafuta ndiyo yanayozuia maji yasikauke upesi. Leza inapotengeneza kioo cha jicho, hukata neva ndogo ambazo ndizo huupasha ubongo habari kwamba jicho limekauka. Kwa watu wengi neva huota tena na ukavu hupungua katika miezi 6 hadi 12. Kwa wachache hubaki. Mimi ni mmoja wao, ingawa leo naumia kidogo sana kuliko mwanzo.

Daktari wa macho niliyemwona baadaye Dar es Salaam alinipa matone ya kulainisha macho. Anayeyatumia zaidi ya mara 4 kwa siku ni heri atafute yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwani hiyo nayo huchokoza jicho. Kila jioni nachovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, yasiyounguza, naweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha nasugua kope taratibu ili mafuta yatoke. Feni nimeigeuzia ukutani. Nikisoma au nikishika simu, najikumbusha kupepesa. Jikoni nimeliweka figa mahali ambapo moshi hauji usoni.

Na barabarani, msinicheke, navaa miwani tena! Haina nguvu yoyote. Ni ya kukinga upepo na vumbi.

Nawaonya pia. Usitie jichoni mate, maziwa ya mama, wala maji ya majani. Usinunue dukani matone yenye steroidi bila daktari. Yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na yanaweza kukupofusha. Mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri jioni apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, maana huenda amepungukiwa vitamini A. Maumivu makali, jicho jekundu au kuona kunakofifia ghafla, usingoje hadi kesho. Nawe unayefikiria leza, uliza kwanza machozi yako yapimwe, na utaje kila dawa unayomeza.

Bibi yule alifanyiwa upasuaji. Aliporudi kunionyesha alileta mihogo na nazi mbili. Aliniangalia ninavyopepesa akauliza, "Na yako je, mwanangu, yanachoma?" Nikamjibu, "Ndiyo, bibi, yanachoma." Akavuta kiti akaketi. Nikamweleza yote.