Tanga, Deki na Kanda ya Harusi

Mnatafuta pa kwenda wikiendi? Nendeni Tanga, mji wa waja leo waondoka leo. Raskazone na upepo wake haviendi popote, anzieni Ngamiani, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, mkiulizia fundi redio.

Mimi na mume wangu tulibeba deki ya Sony ya marehemu baba mkwe na kanda moja ya dakika 60. Humo ndani kuna harusi ya wakwe zangu, mwaka 1983: vigelegele, ngoma, na sauti ya bibi yake mume wangu, ambaye naye ameshatangulia mbele ya haki.

Tanga ni mji wa muziki, si utani. Atomic Jazz walikuwa hapa. Black Star na Lucky Star ni wa hapa, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu. Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, aliimba nao. Nyimbo zao zilitolewa tena Uingereza na GlobeStyle mwaka 1989, kwa hiyo ukizitaka utazipata. Harusi ya mama mkwe, je? Nakala ni hiyo moja tu, dunia nzima.

Fundi, mzee wa makamo, alifungua deki akacheka. Mpira wa kuzungushia umeyeyuka kama lami! Joto na unyevu wa pwani ndiyo kazi yake, na chumvi ya bahari inaleta kutu. Akaufuta, akaweka mpya, akasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Kanda hupita hapo kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira ukilegea, harusi inageuka matanga.

Kilichonifurahisha zaidi: alikataa katakata kuanza na kanda yetu. Alijaribu kwanza na kanda chakavu, maana deki mbovu hula kanda. Nanyi mkinunua deki ya zamani kwa ajili ya urembo wa sebuleni, fanyeni hivyo hivyo. Ichezeni mara kwa mara, kanda zikae pakavu, mbali na sumaku za spika. Na siku ikiimba vizuri, unganisheni waya kwenye kompyuta mrekodi palepale. Msingoje Idi.

Upande wa kwanza tuliusikiliza wote, mume wangu akiwa ameshika mkono wangu. Upande wa pili mama mkwe aliomba ausikilize peke yake.