Safari ya Korogwe na Gari la Waya

Juma lililopita nilipanda basi kutoka Handeni kwenda Korogwe kwa kazi za ofisi ya parokia. Njia ni kama kilomita 65 tu, lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Jana yake nilimkaripia mwanangu wa miaka tisa. Alikuwa ametengeneza gari la waya. Magurudumu aliyakata katika kandambili mbovu, na taa zake zilikuwa vifuniko vya soda. Mimi nikaona takataka nyumbani, nikalitupa shimoni. Mtoto hakulia, alinyamaza tu.

Tulipokaribia Korogwe tukaona mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari, na nyuma yake milima ya Usambara. Mzee aliyeketi karibu nami akasema, “Mwanangu, huku nilikuja manamba nikiwa kijana.”

Nikamwuliza, “Kazi ilikuwaje, babu?”

Akacheka. “Miiba ya mkonge haisahauliki. Tulikata majani, yakaenda korona kusagwa. Katani ilikuwa kidogo; mengine yote yalikuwa ya kutupwa.”

Alisema kweli. Katika kilo 100 za majani, katani ni kilo 4 au 5 hivi.

Hapo nikamkumbuka kijana mwingine aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, miaka ya 1950. Ndiye Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Baadaye alikwenda Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na vifaa vya wachoraji wa Ulaya. Alitwaa vipande vya mbao za kubandika dari, akavipaka rangi ya baisikeli, ile inayong’aa. Akachora wanyama na ndege, akauza picha zake chini ya mbuyu huko Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Lakini wanafunzi wake hawakuiacha kazi. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, na jina la Tingatinga limeenea duniani.

Wala si yeye peke yake. Nairobi yuko Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Utotoni alitamani miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee. Leo miwani yake ya waya na vyuma vilivyotupwa huonyeshwa nchi za mbali. Tena yuko El Anatsui wa Ghana, aliyefanya kazi miaka mingi Nigeria. Huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, vikawa kama nguo kubwa ya mfalme. Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London linayo kazi yake. Vifuniko vya chupa! Kama vile nilivyovitupa mimi.

Nikaona haya. Chuoni nilikosomea ualimu tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, mbegu na vifuniko. Hata wazee wa Uzigua walifinyanga sanamu za udongo za kuwafundishia vijana wao. Nami nilikuwa nimeyasahau hayo yote kwa ajili ya kupenda nyumba safi!

Nilipomaliza kazi Korogwe, niliingia duka la baisikeli, nikanunua kopo dogo la rangi nyekundu. Jioni nilifika nyumbani, nikaingia shimoni mwenyewe. Gari lilikuwa limepinda, na gurudumu moja halikuonekana. Nikampa mtoto gari lake pamoja na rangi, nikamwambia, “Nilikosa, mwanangu.”

Akaligeuzageuza, kisha akasema, “Baba, kandambili ile nyingine bado ipo?”

Ndugu wazazi, si kila mtoto atakuwa Tingatinga, na nyumba lazima ifagiliwe. Lakini kabla ya kutupa, tumwulize kwanza mtoto: “Hiki unachotengeneza ni nini?” Kisha tungoje jibu lake.