Jamaa wa Makambako, kaseti 14 za Kijapani na laki tatu za mama yake

Kuna watu wakifungua belo wanakutana na jaketi lenye dola mfukoni. Halafu kuna huyu jamaa wa Makambako.

Jina kapuni. Ana miaka 23, anauza viatu vya mtumba karibu na stendi. Makambako si unaijua, pale barabara ya Dar kwenda Mbeya inapokutana na ile inayoelekea Njombe mpaka Songea. Treni ya TAZARA inapita, malori ya Zambia yanapita, kila kitu kinapita. Wanaobaki ni wauzaji na baridi lao.

Mwaka huo Oktoba viatu viligoma kutoka. Jamaa akasikia mchongo: belo la midoli, laki mbili na themanini, mzigo wa kutoka Japani. Akaambiwa Krismasi inakuja, wazazi watanunua kama njugu. Tatizo hela hana. Mwenye hela ni mama yake, kijijini huko upande wa Njombe. Mama ndo kwanza walikuwa wamevunja kikoba, ana laki tatu zake, zimeshapangiwa kazi: mbolea ya viazi.

Jamaa akapiga simu. "Mama, wiki mbili tu. Nakurudishia na cha juu."

Mama akauliza swali moja. "Na mvua zikianza kabla yako?"

"Haziwezi kuanza, mama."

Belo likafunguliwa. Midoli haina vichwa, magari hayana matairi, roboti moja inaongea Kijapani yenyewe usiku bila kuguswa, mpaka jirani akagonga ukuta. Vitu vya kuuzika labda nusu. Chini kabisa kukawa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ndani yake vidude vya plastiki 14. Vingine vya rangi rangi, vingine vya kijivu, vingine vidogo kama kiberiti kilichokanyagwa. Vyote vina maandishi ya Kijapani.

Aliyekulia mjini miaka ile ya 2000 angejua mara moja kwamba ni kaseti za gemu. Zile za kuchomeka kwenye mashine ya Kichina, unapuliza kwanza, halafu unaanza kugombana na mdogo wako nani awe Mario. Lakini ni gemu gani, za mashine gani, na zina thamani gani? Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kijiweni bodaboda mmoja akagugo, akatoa simu. Julai 2021, huko Marekani, kaseti moja ya Super Mario 64 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Kaseti moja! Watu wakapiga hesabu kwa shilingi wakashika vichwa. Kufika jioni jamaa alikuwa tajiri wa Makambako bila kuwa na hela ya chipsi. Wale waliokuwa wanamwita "dogo" wakaanza kumwita "bosi".

Siku ya pili akaja dalali mmoja mwenye bosi wake Dar. Hakuuliza maswali. "Laki mbili zote, sasa hivi." Jamaa akacheka. Laki mbili kwa mali ya mabilioni? Dalali akaacha namba, akaondoka taratibu kama mtu anayejua atarudi.

Jamaa akapanda gari mpaka Njombe mjini, kwa binti mmoja fundi simu aliyesoma naye sekondari. Huyu dada alijifunza ufundi YouTube, na ana tabia moja mbaya: haamini kitu mpaka akifungue.

Cha kwanza akazitenga kwa umbo. Mafungu yakawa manne. Sita za rangi rangi, hazina skrubu hata moja, ukihesabu meno ya shaba chini unapata 60. Tatu za kijivu, nene, zina skrubu za ajabu ambazo bisibisi ya kawaida haishiki. Nne ndogo za mraba. Na moja nyekundu imeandikwa kwa mbwembwe kwamba ina magemu 9999 ndani yake.

Halafu akaangalia kodi zilizo kwenye lebo. Hapa ndipo siri ilipo, na kama una kaseti nyumbani nenda ukaangalie. Kodi ikianza na HVC, hiyo ni ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. SHVC ni ya Super Famicom, ya 1990. DMG ni ya Game Boy, ile ya mkononi ya 1989. Kwa hiyo kabla hujajua gemu lenyewe, unajua tayari ukoo wake.

Maandishi ya Kijapani akayapiga picha na simu, tafsiri ikaja, nusu yake upuuzi, lakini majina yakapatikana. Kwenye Famicom: Super Mario Bros. ya 1985, gemu la mahjong, gemu la besiboli, mengine mawili ya michezo, na Dragon Quest III ya 1988. Zile za kijivu: Super Mario Kart, Street Fighter II, na moja ya mbio za farasi. Kwenye Game Boy kulikuwa na Tetris na Pokémon ya kijani, ile ya kwanza kabisa ya 1996.

Jamaa macho yakamtoka. Pokémon si ndo hela zenyewe hizo?

Fundi akamshusha polepole. Ile ya milioni 1.5 ilikuwa haijawahi kufunguliwa, iko kwenye boksi lake na nailoni yake, kama imetoka kiwandani jana. Watu walilipia usafi ule. Hizi hapa hazina boksi, zimechezwa mpaka lebo zimekwanguka. Na si za nadra. Super Mario Bros. peke yake iliuzwa zaidi ya milioni 6 huko Japani. Ni kama uokote kanga iliyofuliwa miaka thelathini halafu uitafutie jumba la makumbusho.

Ile nyekundu akaifungua. Kaseti halisi ndani ina chipu zimesimama kwenye bodi na namba zake. Hii ilikuwa na donge jeusi tu, kama lami iliyodondoka. Feki. Magemu 9999 yenyewe ni machache yanayojirudia kwa majina tofauti. Ya kijivu nayo akataka kuiona tumbo, skrubu zikagoma. Akachukua mrija wa kalamu ya Bic, akauyeyusha ncha kwa kiberiti, akaubana juu ya skrubu ukapoa na kuchukua umbo lake. Akazungusha. Ikafunguka. Jamaa alikaa kimya kidogo, hesabu za mabilioni zikiwa bado kichwani zinazimika moja moja.

Wakati anazisafisha kwa pamba na spiriti (kumbe kule kupuliza tulikofundishana wote ni kuongeza unyevu na kutu tu), fundi akaigeuza ile Dragon Quest III. Mgongoni, kwa kalamu ya wino mzito, kulikuwa na herufi tatu za Kijapani. Kubwa, zimepinda, moja imeandikwa mara mbili baada ya kukosewa. Simu ikasema ni jina la mtu.

Mwandiko wa mtoto. Ukiwa na vitu vya kuazimana mtaani unaandika jina, vinginevyo havirudi. Hilo halihitaji tafsiri. Na kumbe Wajapani nao huwa wanaziita kaseti, neno lile lile.

Kwa dada yake fundi kulikuwa na mashine ya Kichina ya zamani. Zile mashine zilitengenezwa kwa kufuata tundu la Japani, meno 60. Kaseti ya Kimarekani ina meno 72, isingeingia. Hii iliingia kama imerudi kwao. TV ya chogo ikawashwa, ikanguruma, ikakubali.

Dragon Quest III ina kibetri kidogo ndani kinachotunza ulipoishia. Miaka zaidi ya thelathini, mtu angetegemea kimekufa. Hakijafa. Kwenye skrini likaja daftari la safari, na kwenye daftari kuna jina la shujaa. Herufi tatu. Wakaigeuzia macho picha ya mgongo wa kaseti kwenye simu. Zile zile.

Mtoto yule alikuwa amejiingiza mwenyewe kwenye gemu. Akapigana sijui wiki ngapi, akatunza, akazima TV, labda akaitwa kula. Leo ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Na shujaa wake bado amesimama mbele ya mfalme, Njombe, anasubiri.

Wote wawili wakanyamaza. Mtoto wa dada mtu akauliza kwa nini wanamwangalia mtu asiyetembea.

Halafu giza. LUKU imeisha. Kila mtu nyumba ile alidhani mwenzake ameweka.

Kwa gemu za aina hii hutakiwi kuzima hovyo. Unabonyeza kitufe cha kuanzisha upya, unakishikilia, ndo unazima, kwa sababu umeme ukikatika ghafla mashine inaweza kuandika takataka juu ya kumbukumbu. Fundi alikuja kulijua hilo baadaye. Wakanunua umeme, wakawasha tena. Badala ya daftari ukaja mlio mzito wa kutisha, kama msiba, na maneno kwamba kumbukumbu imepotea. Waliotengeneza gemu waliuweka mlio huo makusudi, ili watoto wa Japani wajue kilichotokea.

Fundi alilia kidogo. Akasingizia spiriti.

Wiki hiyo hiyo mvua zikaanza.

Mama hakupiga kelele. Alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi, akaitikia shikamoo, akasema, "Mwanangu, majirani wameshapanda." Jamaa akaanza kueleza habari za Wajapani na kaseti na mnada. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Viazi havimsubiri Mjapani."

Jamaa akampigia dalali.

Na hapa msimhukumu haraka. Alimwambia ukweli wote. Alimpa karatasi, mwandiko wa fundi, kila kaseti na jina lake, kwamba ni za kawaida, kwamba ile nyekundu ni feki. Dalali akaisoma karatasi, akatabasamu. Kwa akili ya dalali, mtu anayeponda mali yake mwenyewe anaficha kitu. Akapandisha. "Laki tatu."

Jamaa akasema sawa, lakini moja anabaki nayo. Akaitoa ile yenye jina.

Dalali akaiangalia mkononi mwake kwa muda mrefu. "Dogo, umenionyesha mwenyewe. Hiyo uliyoitoa ndiyo yenyewe. Bila hiyo hakuna biashara."

"Kaka, hii haina kitu. Hata kumbukumbu yake imefutika. Ni jina la mtoto tu."

"Laki tatu na hamsini."

Fundi alikuwa pale. Akamvuta pembeni, akamwambia alishaona mtandaoni kwamba Japani kuna mtu anayekusanya kaseti zenye majina ya watoto ili kuzirudisha kwa wenyewe. Kwamba inawezekana. Jamaa akamwuliza posta mpaka Japani ni shilingi ngapi. Kisha akamwuliza mfuko wa mbolea ni shilingi ngapi. Fundi hakujibu lolote kati ya hayo mawili.

Akauza. Zote 14.

Jioni ile ile laki tatu zikaingia kwenye simu ya mama, pamoja na elfu ishirini ya juu aliyoahidi. Mbolea ikanunuliwa, viazi vikapandwa, vimechelewa lakini viko ardhini. Mama alituma ujumbe wa neno moja: "Imefika." Hajakopesha tena, na jamaa hajaomba.

Fundi hakupokea simu zake siku tisa. Siku ya kumi akamtumia picha bila maneno: mgongo wa kaseti, herufi tatu, moja imeandikwa mara mbili. Chini yake kiungo cha ukurasa wa Kijapani alikokwisha kuituma, na maelezo aliyotafsiri kwa simu, kwamba kaseti hii ilionekana Njombe, Tanzania, na kwamba betri yake ilikuwa nzima mpaka siku walipoiwasha.

Kaseti yenyewe iko Dar, kwenye droo ya mtu anayeamini ana bilioni. Jamaa amerudi kwenye viatu. Ameshanunua belo jingine, safari hii kwa hela yake, na akikutana na kitu chenye jina la mtu anakiweka pembeni kwanza, kabla hajaulizwa bei.

Haya wadau, tusemezane ukweli hapo chini. Mvua imeanza, mama anasubiri, dalali ameshika laki tatu na nusu. Wewe ungeuza?